Kusini haitoshi barabara moja

Wadau, kule Bolivia, msafiri wa Ziwa Titicaca akifika Tiquina hushuka kwenye basi: yeye anavuka kwa boti, basi linavuka kwa pantoni. Mtu wa Nachingwea au Ruangwa hashangai. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, safari ya Dar ilisubiri pantoni ya Mto Rufiji. Daraja limetuokoa, sikatai. Lakini Mei 2024, mafuriko na kimbunga Hidaya vilikata barabara Somanga, watu wakakwama tena. Njia nyingine ni kuzungukia Songea! Reli ya Nachingwea–Mtwara iling'olewa miaka ya 1960. Jamani, bahari si ipo? Tunataka meli ya uhakika Dar–Lindi–Mtwara. Nawasilisha.