Wito kwa Wenye Magari wa Arua na Koboko: Tusidai Bima Mmoja Mmoja

Enyi ndugu zangu wa Arua na Koboko, wenye magari na madereva, vijana wa bodaboda, wafanyabiashara mnaopakia mizigo ya Ariwara na Kaya, nanyi mnaokwenda kwa miguu kando ya lami ile ile: ninawaandikia kwa jambo ambalo kila mmoja wetu hulinung'unikia peke yake, ama gereji, ama kwenye benchi la ofisi akingojea kuitwa, ama kando ya kitanda cha mgonjwa, na ambalo kwa sababu hiyo halijapata kuwa shauri la mji. Jambo lenyewe ni fidia ya bima ya gari, jinsi inavyopunguzwa na kucheleweshwa hata mwenye haki akachoka, akapokea chochote apewacho, akashukuru.

Nami nimo katika hao. Gari langu liligongwa ubavuni na lori upande wa Manibe, nikitoka Koboko usiku, na bima yangu ilikuwa ile kubwa inayolihusu gari lenyewe, si thadi pati ya kuwalinda wengine tu, ada yake nimekwisha kuilipa yote. Nilipeleka ripoti ya polisi, ripoti ya mkaguzi wa magari, leseni, na makadirio ya fundi wangu. Kampuni, ambayo sitaitaja kwa kuwa kusudi langu si kumfedhehesha mtu, ilimtuma mkadiriaji wake, akalizunguka gari, akapiga picha, akaandika; na barua ilipokuja, nikaona kwamba bei za mlango, taa na kioo cha pembeni zilikuwa za soko la Kisekka huko Kampala, ilhali gharama ya kuvisafirisha vitu hivyo takriban kilomita 500 hadi Arua haikuandikwa popote, kana kwamba mlango wa gari hujileta wenyewe ukivuka Nile pale Pakwach. Ujira wa fundi ulikatwa nusu. Kisha ikatolewa sehemu ya uchakavu, kisha ikatolewa ile ekses ambayo mwenye gari huibeba mwenyewe, na kilichosalia hakikutosha kulirudisha gari barabarani. Pamoja na barua ile palikuwa na karatasi moja fupi, yenye nafasi ya saini, inayosema kwamba nimeridhika na kwamba sitadai tena, sasa wala baadaye. Na karatasi hiyo nilitakiwa kuitia saini kwanza, fedha zije nyuma.

Nilipowahadithia wenzangu, hapakuwa na aliyestaajabu. Kila mmoja alitoa kisa chake, na visa vile vilifanana mno hata nikaanza kuona kwamba hatupambani na uzembe wa karani mmoja, bali na desturi iliyokwisha kuota mizizi, inayostawi kwa sababu tu kila mdai huja peke yake, hajui mwenzake alipewa nini, wala hana wa kumwuliza.

Lipo jambo moja katika mikataba ya bima ambalo ningependa kila mwenye gari alijue kabla ya kuhuisha bima yake. Unaponunua bima kubwa, ada huhesabiwa kwa thamani uliyoiandika wewe, lakini gari likiharibika lote, aghalabu hulipwa thamani yake ya sokoni siku ya ajali. Basi mtu aliyeandika milioni 30 alipolinunua gari, akaendelea kuandika milioni 30 kila mwaka kwa mazoea, hulipa ada ya gari jipya na hulipwa fidia ya gari kuukuu. Wakala hamwambii, na kwa nini amwambie, naye kamisheni yake inatoka katika ada? Dawa yake si ngumu: gari likadiriwe thamani upya kila unapohuisha bima, na thamani hiyo ndiyo iandikwe. Upande wa pili pana hatari: ukiandika thamani ndogo mno ili upunguze ada, kampuni nayo huweza kuipunguza fidia kwa kadiri ile ile. Kadhalika, ninyi mnaovuka kwenda Congo kila siku ya soko, jueni kwamba Kadi ya Njano ya COMESA, mpango ulioanza mwaka 1987, huwakinga na madai ya watu mtakaowadhuru ng'ambo, lakini bati la gari lako mwenyewe hailitengenezi.

Na hao wote ni watu wenye magari. Walio katika dhiki kubwa zaidi ni wale wasio na gari kabisa, nao ndio ambao sheria ya thadi pati iliwekwa kwa ajili yao. Sheria hiyo ya Uganda ni ya mwaka 1989, na bima inayolazimisha huhusu kifo na majeraha ya mwili, wala si mali. Kiwango ilichokiweka ni shilingi milioni 1 kwa mtu mmoja, na milioni 10 kwa ajali nzima, wangawa walioumia ni abiria wa basi zima. Mwaka ule dola moja ilikuwa haijafika shilingi 400, hivyo milioni ile ilizidi dola 2,500. Leo dola ni takriban shilingi 3,500, na milioni ile ile haifiki dola 300. Bei ya mafuta imepanda, bei ya dawa imepanda, ada yenyewe ya bima imepata kubadilishwa, illa uhai wa mwananchi umebaki pale pale ulipoandikwa. Na hata hiyo milioni, ni wangapi kwetu huidai? Tangu barabara ya kutoka Vurra kupitia Arua na Koboko hadi Oraba, yenye kilomita 92, ilipotiwa lami, mwendo umezidi na ajali nazo, lakini mjane wa mtu aliyegongwa na bodaboda hajui kwamba ile stika ya thadi pati aliyonayo mwenye pikipiki inamhusu yeye. Wengi wetu hununua stika ile kwa ajili ya askari wa trafiki tu, naye akiisha kutupisha, hatuikumbuki tena mpaka mwaka mwingine.

Insafu yataka niseme pia kwamba makampuni yana sababu ya kuwa na hadhari. Wapo kwetu waliopeleka gereji gari lililogongwa taa wakarudi na hesabu ya injini, na wapo mafundi waliowasaidia. Kila udanganyifu wa namna hiyo hulipwa na mkweli anayefuata. Chama cha wadai nitakachokipendekeza hapa chini hakina budi kuwakataa watu hao waziwazi, maana kitakapomtetea mwongo mmoja, barua zake zote zitakuwa karatasi tupu.

Mkweli aliyedhulumiwa anapo mahali pa kushtaki: Sheria ya Bima ya mwaka 2017 imeipa Mamlaka ya Kusimamia Bima, iitwayo IRA, uwezo juu ya makampuni hayo, na Mamlaka hiyo ina idara ya kupokea malalamiko ambayo haimtozi mlalamikaji hata senti. Lakini idara iko Kampala. Mtu wa Koboko atalala njiani, atalipa nauli ya kwenda na kurudi, ataambiwa hati moja imepungua. Akipima, ataona nauli inakula fidia, naye atatia saini karatasi ile fupi. Wenye makampuni wanalijua hilo kuliko sisi.

Kwa hiyo rai yangu ni hii: tuunde chama cha wadai bima wa Arua na Koboko, chenye kamati katika kila mji, na kazi yake ya kwanza iwe kuweka daftari. Ndani yake iandikwe, kwa kila ajali, siku ilipotokea, siku hati zilipokabidhiwa, siku mkadiriaji alipokuja, kiasi alichokadiria fundi, kiasi kilichotolewa na kampuni, na sababu ya tofauti kama ilivyoelezwa kwa maandishi. Mtu mmoja akilalamika kwamba nauli ya vipuri haikuhesabiwa, huambiwa hakuusoma mkataba. Watu wengi wakiileta hoja hiyo hiyo, na hesabu zao ziko katika daftari moja, hapo pana ithibati ya kupelekwa kwa IRA kwa barua moja na mjumbe mmoja, na gharama ikagawanywa. Asitie saini mtu hati ya kutodai tena kabla hajaipitisha kwa kamati. Na ikiwa dhiki imemlazimu kupokea fedha, aandike kwa mkono wake kwamba ni sehemu ya anachodai, ajibiwe kwa maandishi.

Daftari likijaa kiasi, tuwaendee wabunge wetu wa Arua na wa Koboko, pamoja na halmashauri zetu, tuwatake mambo mawili: kwamba idara ya malalamiko ije kusikiliza mashauri Arua kwa nyakati zinazojulikana, na kwamba kile kiwango cha mwaka 1989 kipelekwe Bungeni kirekebishwe. Sambamba na hayo tudai muhtasari wa mkataba kwa lugha tunazozisikia. Baraza la mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwezi wa Julai 2022. Basi na iwe rasmi hata mahali ambapo mtu anatia saini, pamoja na Kilugbara na Kikakwa, kuliko kumkabidhi dereva kurasa za Kiingereza cha mawakili na kumwambia aweke jina lake hapa chini.

Viongozi wa steji za teksi na za bodaboda, maimamu na mapadri, ninawaomba mtangaze jambo hili mbele ya watu wenu, na kila steji imchague mtu mmoja ajuaye kuandika vizuri. Wenye madai yaliyokwama, hata ya zamani, na jamaa za waliofariki barabarani, wajiandikishe kwa huyo. Leteni nakala za ripoti ya polisi, za stika na za barua zote mlizopokea. Hati zenyewe zibaki nyumbani kwenu.