Ubia ukiunganishwa Kongo, mbia anayepinga ana kinga gani?

TUSEME mfanyabiashara wa Kigoma ametia mtaji katika ubia wa kuuza saruji mjini Kalemie. Yeye ni mbia wa mtaji tu. Biashara ikianguka anapoteza alichotoa, lakini nyumba yake haiguswi. Siku moja anaambiwa ubia utaunganishwa na kampuni nyingine. Anapinga. Je, kura yake ina uzito?

Jibu linategemea upande wa ziwa. Tanzania Bara, ubia huongozwa na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Aina ya biashara haibadilishwi wala mbia mpya haingizwi bila ridhaa ya wabia wote, ila kama wamekubaliana vinginevyo.

Kongo, iliyojiunga na EAC mwaka 2022, inafuata sheria za biashara za OHADA tangu Septemba 2012. Katika ubia wa aina hii, unaoandikwa kwa kifupi SCS, katiba hubadilishwa kwa ridhaa ya wabia wote wanaobeba madeni kwa mali zao binafsi, pamoja na wingi wa wabia wa mtaji, kwa idadi na kwa mtaji. Muungano hupita njia hiyohiyo. Kwa hiyo mtu wetu wa Kigoma anaweza kushindwa kwa kura.

Hata hivyo, wingi huo una mpaka. Uamuzi unaomwongezea mbia wajibu haupiti bila ridhaa ya kila mmoja. Wenzake hawawezi kumbebesha madeni yote ya biashara akiwa amekataa.

Pia ana haki ya kukagua vitabu mara mbili kwa mwaka, na kuuliza maswali kwa maandishi na kujibiwa kwa maandishi. Aitumie kabla ya kura. Ila ajihadhari asije akaanza kujadiliana na wateja kwa jina la ubia ili kuokoa mtaji wake. Mbia wa mtaji akijiingiza katika usimamizi wa nje, anaweza kudaiwa mali zake binafsi.

Kinga hiyo humlinda na madeni mapya, lakini haimrudishii fedha. Njia ya kutoka, nani atathmini fungu lake na atalipwa ndani ya muda gani, vyote viandikwe katika katiba siku ya kwanza, wakati wabia bado wanaelewana.