Mambo ya Nyumbani: Mikasa ya Ugenini



Mwezi huu twataka kusema juu ya jamaa wanaohama kwao na kwenda kukaa shamba katika nchi ya watu wengine, na juu ya mikasa inayowapata nyumbani mwao humo. Katika Ugogo wageni wa namna hii si wapya. Wamisionari wa CMS walifika Mpwapwa mwaka 1876. Reli ilipofika Dodoma mwaka 1910 wakaja makarani, mafundi na wenye maduka. Mwaka 1973 ikakatwa shauri kwamba Dodoma iwe makao makuu ya nchi, na tangu mwaka 2016 watumishi wengi wa Serikali wamehamia. Lakini mwalimu, tabibu na bwana shamba mara nyingi hupelekwa mbali na mji, huko Bahi, Chamwino, Kongwa au Mpwapwa, naye huenda na mke na watoto, wala hawajui neno moja la Kigogo. Hao ndio tunaowaandikia leo.

Mikasa mingine huchekesha ikiisha kupita. Mwalimu mmoja aliyetoka pwani aliweka sanduku lake la vitabu chini ya kitanda, juu ya sakafu ya udongo. Baada ya mwezi alitaka kulivuta, kishikio kikamtoka mkononi, na ubao wa chini ukabaki pale pale. Mchwa walikuwa wamekwisha kula ubao na vitabu pia. Mzee jirani yake alikuja kumpa pole, akamwonyesha mawe manne yaliyokuwa yamelala uani tangu siku ya kwanza, akamwuliza, "Mwanangu, haya mawe uliyaona ni ya nini?" Kumbe aliyekaa nyumba ile kabla yake alikuwa akiinulia sanduku lake juu ya mawe hayo. Mwingine mtoto wake alivaa kiatu asubuhi bila kukikung'uta, akaumwa na nge, na nyumba nzima isipate usingizi usiku ule. Watoto wa kijijini hufundishwa jambo hili mapema, kwa hiyo hakuna aliyefikiri kwamba mgeni hana habari.

Lakini mikasa yote haichekeshi. Angalieni habari ya makorongo. Mito mingi ya Ugogo, kwa sehemu kubwa ya mwaka, ni mchanga mtupu. Wanawake hufukua mashimo humo wapate maji, na mgeni akiona mchanga ule mweupe hufurahi, akidhani watoto wake wamepata mahali pazuri pa kuchezea. Mama mmoja aliyetoka nchi ya milima aliwaacha wanawe wawili wakicheza humo mwezi wa Januari, jua likiwaka, wala hapana wingu juu yao. Bibi mmoja wa Kigogo akasimama ukingoni akapiga kelele kwa lugha yake. Mama yule hakuelewa, akadhani watoto wake wanatukanwa kwa kuchafua shimo la maji, akanyamaza kwa uchungu. Ndipo binti wa bibi yule akaruka chini, akawashika watoto mikono, akawavuta juu. Muda si muda yakaja maji mekundu yakiviringisha magogo, yakajaza korongo toka ukingo hata ukingo. Mvua ilikuwa imenyesha mbali vilimani, na bibi alikuwa amesikia mvumo wake.

Mtu asidhani kwamba hii ni hadithi ya kutishia watoto. Maji ya upande huu wa Ugogo hushuka kwa mto Kinyasungwe mpaka Mkondoa, hata Kilosa. Katika masika yaliyoanza Desemba 2009 mafuriko yaliharibu reli kati ya Kilosa na Gulwe, treni zikakoma kupita kwa muda mrefu. Maji yaliyong'oa reli ya chuma hayatamshindwa mtoto wa miaka sita.

Sasa tuulize: mama yule alikosa nini? Akili hakukosa, wala mapenzi kwa wanawe hakukosa. Alikosa jirani. Alikuwa amekaa miezi mitatu katika kijiji kile, na hakuna aliyekuwa amekunywa uji nyumbani mwake, wala yeye hakuwa amekunywa kwa mtu. Lau angalikuwa na mazoea na bibi yule, angalijua kwamba sauti ile ni ya kuonya.

Ni vivyo hivyo katika mambo makubwa. Mwaka 1946 Serikali ya Uingereza ilituma ujumbe wa watu watatu kupeleleza nchi za Afrika Mashariki ambako karanga zingeweza kulimwa kwa mashine. Walitumia majuma tisa, na sehemu kubwa ya nchi waliiona toka angani. Mwaka 1947 kazi ikaanza Kongwa. Visiki na mizizi vikavunja majembe ya matrekta, nyuki wakawatimua watu kazini, mvua ikakosekana, na udongo ulipokauka ukawa mgumu kama tofali, karanga zisiweze kung'olewa. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, hasara ikiwa pauni zipatazo milioni 36. Mvua ya Ugogo huja mara moja kwa mwaka, kati ya Desemba na Aprili, tena haina ahadi. Ndiyo maana wenyeji hushika uwele na mtama, nafaka zinazovumilia jua. Majuma tisa hayatoshi kujifunza jambo ambalo wazee wamelijua kwa kuona njaa nyingi.

Lakini tusiseme kwamba mwenyeji anajua yote na mgeni hajui lolote. Mwaka 2016 watu katika sehemu za Dodoma na Manyara waliugua na wengine wakafa kwa sababu ya mahindi yaliyoota ukungu. Sumu yake huitwa sumukuvu, nayo haiondoki kwa kupika. Kukausha mahindi sawasawa juu ya turubai badala ya udongo, kuyaweka ghalani juu ya vichanja, na kutupa yenye ukungu bila kuyaonea huruma, haya mwalimu na mkewe waweza kuyafundisha. Tena iko habari ya macho. Kwa kuwa maji huchotwa mbali, mama huona kuosha nyuso za watoto ni kuyapoteza. Nzi hukaa machoni, na trakoma hupofusha watu wakiisha kuwa wazima. Utafiti uliofanywa vijijini Kongwa, uliochapishwa mwaka 1995, ulionyesha kwamba watoto ambao nyuso zao zilidumu kuwa safi walikuwa na ugonjwa mkali kwa uchache zaidi. Konzi chache za maji zatosha kwa uso wa mtoto.

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Nasi twaongeza kwamba mgeni naye hupona kwa mwenyeji, na kupona kwake yafaa kutangulie. Mwalimu atakayeanza kufundisha juu ya ukungu na nzi kabla hajafundishwa juu ya mchwa na makorongo, atasikilizwa kwa adabu tu, na watu watakwenda zao.

Basi, ninyi mnaohamia, juma la kwanza fanyeni hivi. Baba na awapitie majirani wa pande zote nne, awaamkie "Mbukwenyi", hata kama matamshi yake yatachekesha. Mama na aende kisimani pamoja na wanawake wengine, ingawa ana mtu wa kumchotea kwa punda. Kisha waulize maneno manne: Maji ya kunywa hupatikana wapi, na ya mifugo wapi? Watoto wasicheze wapi, na kwa miezi gani? Nini huharibu vitu ndani ya nyumba za hapa? Na usiku tukipatwa na ugonjwa, tumwite nani? Tena jifunzeni kwa Kigogo, kabla ya maneno mengine yote, maneno ya kuonya: njoo, simama, toka, maji yanakuja.

Nanyi mlio wenyeji, mkimwona mgeni ameweka sanduku lake chini, msingoje mpaka liliwe. Mwambieni siku ile ile.