Vita ni vya Iran, Ushuru ni wa Hapa Hapa Nairobi

Kila tarehe 14 ya mwezi Kenya nzima hungoja karatasi moja kutoka EPRA. Jumatatu, 14 Julai 2025, karatasi ilikuja na moto. Petroli iliongezwa shilingi 8.99 kwa lita, dizeli 8.67, mafuta taa 9.65. Hapa Nairobi petroli ikawa 186.31, dizeli 171.58, mafuta taa 156.58. Hivyo ndivyo ilikuwa mpaka 14 Agosti, upende usipende.

Na kabla hata hujamaliza kusoma hizo namba, jibu lishatoka: ni bei za dunia. Ni Iran na Israel. Ni Mashariki ya Kati. Hatuna la kufanya, vumilieni.

Wasee, hiyo stori iko na ukweli. Lakini ukweli wake unaishia kwa shilingi 81. Zile zingine zote zimepangwa na watu wenye ofisi zao ziko mwendo wa mathree moja kutoka hapa Uthiru.

Twende kwa hesabu, polepole, hakuna haraka.

EPRA wenyewe wamesema petroli iliyofika Mombasa mwezi wa Juni iligharimu wastani wa dola 628.30 kwa kila lita 1,000. Dola ilikuwa imekaa pale pale kwa 129 na kitu tangu 2024. Piga hesabu: ni kama shilingi 81 kwa lita. Hapo mafuta yameshachimbwa, yamesafishwa, yamepakiwa kwa meli, yamevuka bahari na yako Mombasa. Kazi yote ngumu imeisha. Shilingi 81.

Sasa wewe ukiweka lita moja pale Waiyaki Way Julai hiyo ulilipa 186. Kati ya meli na tanki yako kulikuwa na shilingi 105. Kama shilingi 22 hivi zilikuwa za bomba, maghala, malori, faida ya kampuni na ya mwenye kituo. Zile zingine, zaidi ya shilingi 80, zilikuwa ushuru na tozo.

Soma tena. Ushuru peke yake uko karibu sawa na mafuta yenyewe. Unanunua lita moja ya petroli na lita moja ya serikali.

Na hiyo lita ya serikali iko na majina. Ushuru wa bidhaa ni karibu shilingi 22. Tozo ya kukarabati barabara ni 25. Tozo ya kustawisha petroli ni 5.40. Kuna ya reli, ya kutangaza bidhaa bandarini, ya kulipa wenye kudhibiti bei, na ya meli. Halafu VAT, asilimia 16 mwaka huo wa 2025, ilikuja juu ya kila kitu, hadi juu ya hizo tozo zingine. Hapo ndio mimi huchoka kabisa. Unatozwa ushuru kwa sababu ulilipa ushuru. Hiyo VAT ya juu ya tozo peke yake ilikuwa karibu shilingi 9 kwa lita.

Sasa niambie, ni Iran gani ilipitisha hiyo?

VAT ya mafuta ilikuwa asilimia 8 mpaka Sheria ya Fedha ya 2023 ikaipandisha mara mbili. Haikuwa vita. Ilikuwa kura Bungeni. Miezi mitatu baadaye, Oktoba 2023, petroli ikafika 217.36 hapa Nairobi. Wakati huo kisingizio kilikuwa dola, na kweli dola ilikuwa inapaa, mpaka Januari 2024 ikagonga 160. Lakini dola ilirudi 130 na bei ikashuka. VAT haikurudi 8. Hivyo ndivyo huwa: shida ikija wanaongeza, shida ikienda nyongeza inabaki.

Kuna mfano mwingine ambao naona watu wengi waliuruka, na ndio unaniuma zaidi.

Juni 2024 tulikataa Mswada wa Fedha. Vijana walikufa tarehe 25. Kesho yake Rais akasema hatatia saini. Tukajua tumeshinda. Wiki tatu hivi baadaye, Julai, tozo ya barabara ikatoka shilingi 18 ikaenda 25. Shilingi 7 kwa kila lita. Hakuna mswada, hakuna kura, hakuna mjadala kwa runinga hadi usiku. Tozo hii iko na sheria yake ya tangu 1993: waziri anatia saini, inachapishwa kwa Gazeti Rasmi, imeisha.

Mbona hatukuskia? Kwa sababu mwezi huo mafuta yalikuwa yameshuka kule nje. Petroli ilifaa kushuka vizuri. Badala yake ilishuka shilingi 1 tu, kutoka 189.84 hadi 188.84, na tukaambiwa bei imepungua. Watu wakashukuru. Manze, tulipewa shilingi moja huku saba zinapita na mlango wa nyuma, na tukasema asante.

Ndio maana mimi sitaki tena kuskia neno "bei za dunia" kutoka kwa mtu asiyetaka kutaja hizo saba. Dunia ikipanda, mnatuonyesha. Dunia ikishuka, mnajaza nafasi kabla hatujaiona.

Na hata hiyo nyongeza ya Julai 2025, hebu iangalie. Mei petroli ilifika kwa dola 590.24, Juni 628.30. Tofauti ni dola 38 kwa lita 1,000, yaani kama shilingi 5 kwa lita. Weka VAT juu yake na zile asilimia za bandarini, ni kama shilingi 6. Lakini tuliongezwa 8.99. Hizo karibu 3 zingine zimetoka wapi? Vita vya Iran na Israel vilipiganwa siku 12. Mwenye ako na jibu alitoe na namba, si na ramani ya Mashariki ya Kati.

Najua kuna msee atakuja kwa maoni aseme, "Buda, mafuta lazima tununue kutoka nje." Ni kweli. Lakini hata huko kununua kuna saini ya mtu. Kiwanda chetu cha kusafisha mafuta pale Changamwe kiliacha kusafisha 2013, tangu hapo tunaleta mafuta yaliyosafishwa tayari. Machi 2023 serikali ikaacha mpango wa zabuni ya wazi, ikaingia mkataba na Saudi Aramco, ADNOC na ENOC, tuletewe mafuta na tulipe baada ya siku 180. Tuliambiwa utapunguza presha ya dola. Dola ikaendelea kupanda karibu mwaka mzima. Huo nao ni uamuzi. Haukuanguka kutoka mbinguni kama mvua ya Aprili.

Sasa tuje kwa ile maneno ya kwamba vijana hawalipi ushuru. Umeiskia. Eti sisi wa kazi za mtaani tuko nje ya mfumo, lazima tuingizwe.

Chukua msee wa boda pale Uthiru stage. Tuseme anaweka lita 3 kwa siku na anafanya kazi siku 26 kwa mwezi. Kwa bei za Julai 2025 kila lita ilikuwa na ushuru wa kama shilingi 82. Hiyo ni 246 kwa siku, karibu shilingi 6,400 kwa mwezi. Hajajaza fomu yoyote, hakuna mtu amempa cheti cha mlipa ushuru bora, lakini amelipa, na amelipa kabla hajabeba hata abiria mmoja. Siku ya mvua yenye hakuna kazi, petroli yenye iko kwa tanki ilishatozwa. PAYE angalau hungoja upate mshahara. Hii haingoji.

Kwa hivyo mtu akikwambia msee wa boda halipi ushuru, muulize yeye gari lake linawekwa mafuta na nani. Wakubwa wengi wenye hupitisha hizi tozo, mafuta yao yanalipwa na ofisi. Yaani na sisi.

Na usifikirie kwa sababu huna gari wala boda umepona. Sukuma ya mama mboga imetoka Wangige kwa pickup. Nyanya zimeshuka Marikiti kwa lori la dizeli. Konda hatakuchorea hesabu ya EPRA, yeye atasema tu nauli imeongezeka mbao, na uko na chaguo la kulipa ama kutembea mpaka Kangemi ukiangalia mathree zikikupita. Mwenye gari kubwa anaweza kuacha moja nyumbani. Wewe utaacha nini? Utaacha kwenda kazi?

Halafu kuna mafuta taa, na hapa ndio naona aibu kubwa. Mwaka wa 2018 waliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa. Sababu ilikuwa kuna watu wanachanganya mafuta taa na dizeli ndio wapate faida. Sawa, wezi walikuwepo. Lakini badala ya kushika wenye malori, wakapandishia bei mama mwenye anapikia stovu kwa chumba cha mabati. Julai 2025, miaka saba baadaye, alikuwa bado analipa. Akapandishiwa 9.65 mwezi huo, nyongeza kubwa kuliko zote tatu. Mwenye hana kitu ndiye ameongezwa zaidi.

Sasa swali la haki: kama tozo zote zikitolewa, barabara zitajengwa na nini? Ni swali nzuri, na mimi sisemi mafuta yasitozwe hata ndururu. Barabara tunazihitaji. Mwenye ametumia Naivasha Road siku ya mvua anajua.

Lakini fuata ile pesa. Zile shilingi 7 zilizoongezwa 2024 kwa jina la kukarabati barabara, serikali imeshaziweka rehani. Zinatumika kupata shilingi bilioni 175 za kulipa makandarasi madeni ya zamani. Sikatai, makandarasi walipwe, walifanya kazi. Lakini hiyo si kukarabati barabara, ni kulipa deni. Ungetuambia ni deni, tungeuliza deni la nani, la barabara gani, nani aliitoa kandarasi kama hakuna pesa. Ukisema ni ukarabati, tunanyamaza na kungoja lami. Na kwa sababu zimewekwa rehani, usitarajie hizo 7 zitolewe hivi karibuni, hata mafuta yashuke namna gani kule nje.

Na ile 5.40 ya kustawisha petroli? Ilikuwa senti 40 mpaka Julai 2020, ikapandishwa ndio kuwe na akiba ya kutukinga bei ikiruka. Sawa. Julai 2025 bei iliruka karibu shilingi 9 usiku mmoja. Kinga ndio hii ama kuna ingine iko njiani?

Mimi nataka vitu vitatu, na si vikubwa.

Moja, kila kituo cha mafuta kiweke ubao: lita moja ni ngapi ikifika Mombasa, kila tozo ni ngapi, kampuni inabaki na ngapi. Na risiti iseme hivyo hivyo. Kama tunaambiwa tulipe, tuambiwe tunalipa nani.

Mbili, tozo yoyote ya mafuta ipigiwe kura Bungeni, kwa jina. Mambo ya waziri kutia saini na Gazeti Rasmi kumaliza kazi yaishe. Kama hamtaki kuonekana mkiiongeza, msiiongeze.

Tatu, ile 18 ya mafuta taa itoke.

Sisi wa Uthiru tuko na bahati ya ajabu. Mtaa mmoja, kaunti mbili. Upande wa Nairobi tuko chini ya Dagoretti Kusini, upande wa Kiambu tuko chini ya Kabete. Hiyo ni wabunge wawili wenye wanataka kura zetu 2027. Hawa wawili wakija kwa harusi, kwa matanga, kwa mechi ya mtaani, usiombe jezi. Usiombe mpira. Muulize swali moja mbele ya watu: ile VAT ya 2023, ulipiga kura gani? Na zile 7 zilipopita bila wewe, ulisema nini?

Na tarehe 14 ikifika, karatasi ingine itatoka. Inaweza panda, inaweza shuka. Ikishuka shilingi moja usikimbilie kushukuru. Angalia kwanza ingeshuka ngapi.