UCHAMBUZI: Usingizi wa Mgonjwa wa Selimundu Usiachwe Nje ya Tiba

Kila ifikapo Juni 19, Tanzania huungana na mataifa mengine kuadhimisha Siku ya Selimundu Duniani, iliyoridhiwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2008. Kwa wakazi wa Mwanhuzi, makao makuu ya Wilaya ya Meatu mkoani Simiyu, siku hiyo huangukia msimu wa pamba, wakati wa kiangazi ambapo usiku huwa na ubaridi. Baridi, uchovu na upungufu wa maji mwilini ni miongoni mwa mambo yanayoamsha maumivu makali ya ugonjwa huo.

Inakadiriwa kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu nchini kila mwaka, na Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa maeneo yenye wagonjwa wengi. Chembe nyekundu za damu hupinda mithili ya mundu, huziba mishipa midogo na kuinyima mifupa oksijeni. Ndipo maumivu huanza.

Jambo lisilozungumzwa sana ni usiku. Maumivu humnyima mgonjwa usingizi, na mwili uliokosa usingizi huyahisi maumivu kwa ukali zaidi siku inayofuata. Aidha, kwa baadhi ya wagonjwa kiwango cha oksijeni hushuka wanapolala. Figo zilizoathirika nazo hushindwa kuhifadhi maji, hivyo mtoto huamka mara kwa mara kukojoa. Mzazi anayempunguzia maji ili alale humwongezea hatari ya maumivu.

Athari hizo hufika hadi darasani, ambako mtoto aliyekesha akiugulia husinzia na huenda akahesabiwa kuwa mvivu.

Dawa ya haidroksiyurea hupunguza marudio ya maumivu, na Hospitali ya Kanda ya Bugando jijini Mwanza huhudumia wagonjwa wa selimundu. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 nayo inalenga kumwondolea mwananchi mzigo wa gharama za papo kwa papo. Hata hivyo, mtaalamu hawezi kutibu asichoelezwa.

Hivyo, wazazi wanapowapeleka watoto kliniki waeleze pia wanavyolala: huamka mara ngapi, hukoroma, au hulia kwa maumivu usiku. Wahudumu wa afya nao waulize. Nyumbani, blanketi na maji ya kunywa ya kutosha ni kinga ambayo familia inaweza kuanza nayo leo.