Ada ya afya Uingereza ilipwe mwaka kwa mwaka



Mwaka jana binti mmoja wa Tanga alipata nafasi ya kusomea shahada ya uzamili Uingereza. Barua ya udahili ilipofika, mama yake, muuza vitenge, alipiga hesabu kwenye daftari la dukani: karo, chumba, chakula, nauli. Kiwanja kikauzwa, mashangazi wakachanga, hesabu ikatimia.

Kisha binti akaanza kujaza fomu ya viza. Karibu na mwisho ikatokea ada ambayo barua ile haikuitaja: ada ya afya, pauni 1,164, ilipwe papo hapo, kabla hata hajapewa miadi ya kuchukuliwa alama za vidole. Ni zaidi ya shilingi milioni tatu. Daftari likafunguliwa upya.

Ada hiyo ilianza Aprili 2015 kwa pauni 150 kwa mwanafunzi kila mwaka. Tangu Februari 2024 ni pauni 776, yaani imepanda zaidi ya mara tano. Tena huhesabiwa kwa muda wa viza, si wa masomo. Viza ya kozi ya mwaka mmoja huongezewa miezi kadhaa, ndiyo maana binti huyo alidaiwa ya mwaka mmoja na nusu. Anayekwenda kusoma miaka mitatu hudaiwa yote kwa mkupuo.

Wakati huohuo, fedha za karo na za kujikimu zinatakiwa zikae benki siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango. Mzazi anaziona, lakini hawezi kuzigusa.

Hakuna mzazi anayekataa kuchangia hospitali zitakazomtibu mwanawe. Aliyelipa humwona daktari na hulazwa bila kudaiwa, na viza ikikataliwa ada ya afya hurudishwa. Hata hivyo jino likimuuma atatoa fedha nyingine, na akiwa England atalipia pia dawa alizoandikiwa.

Kinachoumiza ni kudaiwa yote kwa siku moja, tena kwa kushtukizwa. Serikali ya Uingereza iruhusu ilipwe mwaka kwa mwaka. Binti yule angeanza na pauni 776. Vyuo navyo viiandike kwenye barua ya udahili, kwa tarakimu, chini ya karo.

Binti aliondoka masomo yakiwa yameshaanza. Fedha za ada ile mama alizikopa kikobani, na hadi leo anazirejesha kila Jumamosi.

Msomaji,
Tanga