Zaka Iwe Shoka



Katika Sunan Abu Daud, Anas (R.A.) amesimulia kuwa mtu wa Kiansari alimwendea Mtume (S.A.W.) kuomba. Nyumbani hakuwa na kitu ila tandiko na chombo cha kunywea maji. Mtume alivinadi, vikapata dirhamu 2: moja ya chakula cha watu wake, moja ya shoka. Akalitia mpini kwa mkono wake mtukufu, akamtuma akate kuni siku 15. Mtu yule alirudi amechuma dirhamu 10.

Tuzingatie: tumbo lilitangulia, kisha kazi. Sisi kila Ramadhani twagawa zaka shilingi chache chache, na mwaka wa pili foleni ni ile ile mlangoni pa duka. Imam Nawawi ameeleza katika Al-Majmuu kuwa mwenye ufundi hupewa cha kununulia vyombo vya kazi yake. Basi, kwa maoni yangu, mwenye nguvu apewe cherehani au nyavu. Mzee na mgonjwa waendelee kupewa chakula bila ya masharti.

Nanyi wanafunzi, msidharau randa wala mwiko. Mwenye elimu na ufundi hatakuwa mzigo kwa watu, Inshaallah.

Wabillahi Tawfiq.